Msimtukane Marner, someni kanuni kwanza

Nina shemeji yangu Toronto, Canada. Huu ni mwaka wake wa kumi na tano kule. Ana kazi nzuri, ana watoto wanaoongea Kiswahili cha kuokoteza, na ana ugonjwa mmoja ambao hospitali za kule, pamoja na uzuri wake wote, hazijaupatia dawa. Ni shabiki wa Toronto Maple Leafs.

Kwa wasioifahamu, hiyo ni timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Wenyewe wanauita hoki. Mara ya mwisho timu hiyo kubeba ubingwa ilikuwa 1967. Mwaka ambao wino wa Azimio la Arusha ulikuwa haujakauka. Simba walikuwa bado wanaitwa Sunderland.

Shemeji ndiye aliyeniambukiza. Alikuja likizo, akanionyesha mechi moja kwenye simu, nikacheka. Nikasema huu si mchezo, ni ugomvi wa watu waliovaa viatu vya visu. Siku hizi naamka saa 9 usiku kuwatazama. Mke wangu ameacha kuuliza.

Juni 30, 2025 akanipigia. Sauti ya mtu aliyefiwa. "Shem, Marner ameondoka. Msaliti yule." Nikamwacha amalize kutukana. Ligi yao ya msimu wa 2025-26 imeanza, na safu ya leo ndiyo jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa kila shabiki wa soka hapa nyumbani ambaye dirisha la usajili likifunguliwa tu, anatafuta mchezaji wa kumtukana.

Kabla sijaulizwa hoki inatuhusu nini, niseme tu kwamba magongo si ya Wazungu peke yao. Tanzania tulipeleka timu ya magongo, ile ya uwanja wa kawaida, Olimpiki ya Moscow 1980. Tulipigwa vibaya, lakini tulikwenda. Na hiyo ya barafuni, wenzetu wa Nairobi wanaicheza. Timu yao inaitwa Ice Lions, imelelewa kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, kando ya Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Canada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa hoki ni sawa na mtu wa Manzese kupasiana na Messi. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa uanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Haya, turudi kwa Marner.

Mitch Marner ni winga. Amezaliwa Markham, pua na mdomo na Toronto. Mtoto wa nyumbani kabisa. Ameichezea Toronto misimu tisa. Msimu wa 2024-25 alifunga mabao 27 na kutoa pasi za mabao 75. Soma tena namba hiyo. Kisha Toronto wakatolewa na Florida Panthers katika mechi ya saba ya mtoano, nyumbani kwao, 6-1, mashabiki wakazivua jezi na kuzitupa barafuni. Marner alikuja kueleza kwamba baada ya kipigo kile anwani ya nyumbani kwake ilisambazwa mtandaoni, ikabidi familia yake ilindwe usiku na mchana.

Wiki chache baadaye akatua Vegas Golden Knights. Mkataba wa miaka minane, wastani wa dola milioni 12 kwa mwaka. Jumla dola milioni 96. Ukizigeuza kuwa shilingi unaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo usizigeuze.

Toronto yote ikaimba wimbo mmoja. Msaliti. Mroho. Amekimbia presha.

Mimi nauliza swali moja. Marner alikuwa amewahi kuchagua timu lini?

Hajawahi. Hapo ndipo shabiki wa soka anapaswa kusikiliza vizuri, kwa sababu sisi tumezoea mambo mengine kabisa. Kwenye NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Canada, kijana akifika miaka 18 hachagui timu. Timu ndizo zinazomchagua. Zinapanga foleni, zile zilizofanya vibaya zikipewa nafasi ya kutangulia, zinachambua vijana kama mama anavyochambua nyanya sokoni. Ukiokotwa na Edmonton, ni Edmonton, hata kama huko ni baridi inayovunja mifupa. Marner aliokotwa na Toronto mwaka 2015, akiwa wa nne kwenye foleni. Ni bahati tu ikawa timu ya kwao.

Mkataba wako wa kwanza una kikomo cha mshahara. Ukiisha bado si mchezaji huru. Klabu inaendelea kukushika mkono mpaka ufikishe miaka 27 au misimu saba kwenye ligi. Timu nyingine ikikutaka kabla ya hapo inaweza kukuandikia ofa, lakini klabu yako inapewa siku saba. Ikitaka kulipa kiasi kile kile, unabaki, utake usitake. Ikikuacha uende, inalipwa fidia. Fidia yenyewe haiji kama fedha. Inapewa zamu za kuchagua vijana wa miaka inayokuja.

Kanuni hiyo ipo kwenye kitabu miaka yote, lakini mabosi wa klabu wanaiogopa kama ugomvi wa majirani. Wanaona ni utovu wa nidhamu kumwandikia ofa mchezaji wa mwenzako. Agosti 2024 St. Louis Blues wakaamua kukosa nidhamu. Siku moja tu wakawaandikia ofa vijana wawili wa Edmonton Oilers, beki Philip Broberg na mshambuliaji Dylan Holloway. Edmonton walikuwa wamebanwa na hesabu za mishahara. Siku saba zikaisha, vijana wakaondoka. Kelele zikawa nyingi. Ustaarabu uko wapi, undugu uko wapi. Holloway akafika St. Louis, msimu ukaisha akiwa amehusika kwenye mabao 63. Edmonton alikuwa anawekwa kwenye mstari wa tatu. Sasa nani alikosa ustaarabu, aliyempa kijana kazi au aliyemkalisha?

Sisi tunaijua hadithi hii. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, alijaribu kuuvunja mkataba wake na Yanga kwa kulipa fedha. Yanga wakazirudisha, TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na miezi ikapita kijana akiwa nje ya uwanja, mpaka Azam walipomnunua Juni 2023. Mitaani watu waligawanyika. Wengi walibishana kama Fei ana adabu au hana. Wachache sana walitaka kusoma kipengele. Na Clatous Chama, mkataba wake Simba ulipokwisha 2024, akatoka Msimbazi akaenda Jangwani. Mkataba umekwisha! Mtu hana deni na mtu. Bado akaitwa majina ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa.

Kwenye soka tulipata bahati ya Bosman mwaka 1995. Mkataba ukiisha, kwaheri. Mchezaji wa hoki anaisubiri haki hiyo karibu muongo mzima. Marner alipoipata, akiwa na miaka 28, aliitumia. Inavyoripotiwa, Machi 2025 Toronto wenyewe walitaka kumbadilisha na mchezaji mwingine, na yeye akakataa kwa sababu mkataba wake ulimpa haki ya kukataa. Maana yake klabu ikitaka kumuuza ni biashara. Yeye akiondoka ni usaliti. Shem, hebu nieleweshe hapo.

Na kuna jambo la pili ambalo shemeji hataki kulisikia. Toronto walijifunga wenyewe.

NHL ina ukomo wa mishahara. Ulipatikana kwa maumivu. Msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa, matajiri wakawafungia milango wachezaji, Kombe la Stanley halikupata mwenyewe. Walipopatana, ukomo ukaanzia dola milioni 39 kwa timu nzima. Msimu wa 2024-25 ulikuwa milioni 88, wa 2025-26 milioni 95.5, wa 2026-27 milioni 104. Unapanda kwa sababu wachezaji na wenye timu wanagawana mapato nusu kwa nusu, na mapato yanapanda. Kuna na sakafu pia. Hairuhusiwi timu kuwa bahili kupita kiasi. Hiyo peke yake mimi naipenda kuliko kanuni zote. Fikiria tajiri wa klabu fulani analazimishwa na kanuni kulipa mishahara isiyopungua kiwango fulani. Hapa kwetu tungeanza na kulipwa kwa wakati, kiwango kitafuata.

Sasa ndani ya zile milioni 88, Toronto walikuwa na washambuliaji wanne, Matthews, Nylander, Tavares na Marner, ambao kwa pamoja walikula zaidi ya milioni 46. Timu inasajili zaidi ya watu 20. Watu wanne wamekula nusu ya sufuria na ushee, waliobaki wanakwangua ukoko. Kila mwaka wanafika mtoano, kila mwaka beki ya tatu ni ya mkopo na kipa ni wa kuombea dua. Mikataba hiyo hakuiandika Marner. Aliweka saini tu kwenye karatasi aliyoletewa.

Ndiyo maana usajili ulionishtua kuliko wote haukuwa wa Marner. Ulitokea Oktoba 2025, saa chache kabla ya ligi kuanza. Connor McDavid wa Edmonton, mchezaji bora duniani, na hapo sioni wa kubishana naye, ameongeza mkataba wa miaka miwili kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Mshahara ule ule aliokuwa akilipwa tangu 2018. Bei hazikupanda. Kwa kanuni, mchezaji mmoja anaruhusiwa kulipwa mpaka asilimia 20 ya ukomo. Kwa msimu wa 2026-27 hiyo ni milioni 20.8. McDavid amesamehe zaidi ya milioni 8 kila mwaka. Mwenzake wa timu hiyo hiyo, Leon Draisaitl, analipwa milioni 14. Na Septemba 30, 2025 Kirill Kaprizov wa Minnesota Wild alimwaga wino kwa milioni 17 kwa mwaka, miaka minane, mkataba mnono kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Kaprizov alikuwa hajawahi hata kuinusa fainali.

Mashabiki wa Edmonton wanalia kwa furaha. Mtu wa timu, anaipenda jezi, si kama wale wengine. Mimi nafurahi pia, lakini nafurahi nusu. McDavid amecheza fainali mbili mfululizo, 2024 na 2025, na zote amepigwa na Florida. Ile ya 2024 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano akiwa upande ulioshindwa. Anajua kila dola anayoichukua yeye inatoka kwenye sahani ya beki atakayemlinda. Kanuni imemweka mahali ambapo akidai haki yake anaitwa mroho, na akiisamehe anaitwa shujaa, na kwa vyovyote vile bilionea mwenye timu halipi senti zaidi. Na tazama ujanja wa kijana: miaka miwili tu. Angeweza kusaini minane. Amewaambia Edmonton kwa upole kabisa, nimewapa punguzo, mna misimu mitatu kuanzia wa 2025-26, nipeni kombe. Wasipompa, ataondoka, na watu watamwita msaliti. Nitairudia safu hii neno kwa neno.

Tukifika hapo ndipo damu inanichemka, kwa sababu ukomo huo ambao umemfanya McDavid asamehe mamilioni, kwa miaka mingi ulikuwa ukilala usingizi siku ile ile unapohitajika. Wakati wa mtoano haukuwepo! Mishahara ya hoki inalipwa kwa msimu wa kawaida, kwa hiyo waandika kanuni wakaona mtoano hauna haja ya kuhesabiwa. Na kulikuwa na orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Nyota wako akiumia, ukimwandika humo, unaruhusiwa kuuzidi ukomo kwa kiasi cha mshahara wake ili umpate mbadala. Haki kabisa. Isipokuwa nyota akipona siku ya kwanza ya mtoano, unabaki naye pamoja na wote uliowanunua kwa nafasi yake.

Mnaona inakoelekea.

Patrick Kane wa Chicago Blackhawks alivunjika mtulinga Februari 2015, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, Chicago bingwa. Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akakosa msimu mzima wa kawaida wa 2020-21, mechi zote 56, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano. Akamaliza akiongoza mtoano wote kwa mabao na pasi, Tampa bingwa. Mark Stone wa Vegas, upasuaji wa mgongo, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano 2023, akapiga hat-trick mechi ya mwisho ya fainali, Vegas bingwa. Matthew Tkachuk wa Florida akaumia Februari 2025, Florida wakatumia nafasi hiyo kuwaleta Seth Jones na Brad Marchand, Tkachuk akarudi mechi ya kwanza ya mtoano. Bingwa nani? Nadhani mmeshajua.

Sisemi waliigiza. Upasuaji ni upasuaji, daktari hawezi kuchana nyonga ya mtu kwa ajili ya hesabu. Ligi ilisema Tampa hawakuvunja kanuni, na ni kweli hawakuvunja. Hilo ndilo tatizo lenyewe! Dougie Hamilton, ambaye Carolina yake ilitolewa na Tampa 2021, alilalamika kwamba wamefungwa na timu iliyouzidi ukomo kwa dola milioni 18. Kucherov, mtu mkorofi mwenye roho ngumu, akasherehekea ubingwa amevaa fulana iliyoandikwa maneno hayo hayo. Milioni 18 juu ya ukomo. Mshabiki wa Simba na Yanga anaelewa dharau ya namna hiyo. Ni kama klabu hapa iambiwe sheria ya idadi ya wachezaji wa kigeni inakoma siku ya nusu fainali, kisha ibebe kombe, kisha ichapishe fulana.

Baada ya miaka kumi ya figisu hizo, safari hii wameamka. Kuanzia msimu wa 2025-26, wachezaji 20 watakaopangwa kwenye mechi ya mtoano ni lazima mishahara yao iingie ndani ya ukomo. Na nafasi ya majeruhi imebanwa. Kama mtu wako atarudi msimu huo huo, mbadala wake hawezi kulipwa zaidi ya wastani wa ligi. Kanuni mbili tu. Zingeweza kuandikwa 2015 kwenye karatasi ya kufungia karanga.

Naambiwa kuna klabu zinanung'unika. Acha zinung'unike.

Bado kuna mwanya mwingine wameuacha nusu wazi. Marchand huyo huyo wa Florida alikuwa na miaka 37 mwaka 2025. Wamempa mkataba wa miaka sita, jumla dola milioni 31.5. Atakapomaliza atakuwa na miaka 43. Kuna mtu anaamini atacheza hoki, mchezo wa kugongwa ukutani na jitu la kilo mia, akiwa na miaka 43? Hakuna. Lakini ukomo unahesabu wastani wa mwaka. Mlipe kwa miaka mitatu, ni milioni 10.5 kwenye hesabu. Mnyooshe miaka sita, ni milioni 5.25. Ndivyo walivyoweza pia kuwabakiza Sam Bennett kwa milioni 8 na Aaron Ekblad kwa milioni 6.1, wote miaka minane. Kuanzia 2026 urefu wa juu unashuka kutoka minane hadi saba kwa klabu yako, na kutoka saba hadi sita kwa klabu nyingine. Ni hatua. Mimi ningesema miaka mitano na tufunge mjadala. Na kwa taarifa yako shemeji, Marner alipata minane kwa sababu Toronto wenyewe ndio waliomsainisha, halafu wakampeleka Vegas kwa kubadilishana na Nicolas Roy. Klabu yako ilishiriki kwa kalamu yake.

Wapo wanaosema Florida na Vegas wanabebwa na kodi, kwa kuwa majimbo yao hayatozi kodi ya mapato. Kuna ukweli kidogo. Dola milioni moja ya Miami si sawa na ya Toronto ikifika mfukoni. Lakini Florida hao hao, bila kodi hiyo, na jua lao na bahari yao, hawakushinda hata raundi moja ya mtoano kutoka 1996 hadi 2022. Jua halikuwasaidia. Walikuja kupata watu wanaojua kusajili.

Nimesema sana kuhusu fedha. Kuna kanuni moja ya uwanjani ambayo naichukia zaidi, na huyu shabiki wa soka atanielewa haraka kuliko shabiki wa hoki mwenyewe, kwa sababu wao wameizoea kama harufu ya jirani anayekaanga samaki.

Kwenye hoki ushindi ni pointi mbili. Ngoma ikiwa sare baada ya dakika 60, zinaongezwa dakika tano, watatu kwa watatu, na ikishindikana ni matuta. Mshindi anachukua mbili. Aliyefungwa, kwa kuwa amefungwa kwenye nyongeza, anapewa moja. Amefungwa na amepewa pointi! Kwa hiyo mechi nyingine zina pointi mbili, nyingine tatu. Matokeo yake ukitazama mechi zilizo sare zimebaki dakika sita, utaona timu zote mbili zinateleza taratibu kama watu wanaotoka harusini. Hakuna anayetaka kuharibu. Tukifika sare kila mtu ana kitu.

Msimu wa 2024-25 Montreal Canadiens walishinda mechi 40 na kufungwa 42, ukijumlisha zote. Columbus Blue Jackets walishinda 40 na kufungwa 42 pia. Sawa kwa sawa. Montreal wakaenda mtoano, Columbus wakaenda kuvua samaki. Kwa nini? Kwa sababu Montreal, katika vipigo vyao, 11 walivipata kwenye nyongeza na matuta. Columbus vyao vilikuwa tisa. Montreal walifuzu kwa kufungwa kwa ustadi zaidi.

Dawa ipo na inatumika. Mashindano ya dunia ya hoki na ligi ya wanawake ya Marekani na Canada wanatoa pointi tatu kwa ushindi wa dakika 60, mbili kwa ushindi wa nyongeza, moja kwa aliyefungwa kwenye nyongeza. Kila mechi ina pointi tatu. Kwisha. Waingereza walihamia pointi tatu kwenye soka mwaka 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994, na hakuna anayezililia mbili. NHL wao hawataki. Pointi ya bure inafanya msimamo uonekane umebanana mpaka mwezi wa mwisho, na msimamo uliobanana unauza tiketi. Hapo napo usimlaumu mchezaji anayeteleza taratibu dakika ya 57. Amelipwa ateleze taratibu.

Ili nisionekane mtu wa kulalamika tu, niwape moja la kuiba. Kocha wa hoki akiona bao la wapinzani lilitanguliwa na kuotea, anaweza kudai video irudiwe. Lakini akikosea, timu yake inapunguzwa mtu mmoja kwa dakika mbili. Akikosea tena, dakika nne. Umeona? Kelele ina bei. Walianza 2015, baada ya Matt Duchene kufunga bao la aibu mwaka 2013 akiwa ameotea kiasi kwamba yeye mwenyewe alionekana kashangaa. FIFA wameanza kujaribu kitu kinachofanana na hicho kwenye mashindano ya vijana wa kike, kocha anapewa nafasi mbili za kudai. Mimi nataka na ile adhabu. Hebu fikiria kocha wa hapa kwetu, yule anayemaliza dakika 90 akiwa nje ya eneo lake na mikono juu, aambiwe: sawa, tunatazama video, ila ukikosea winga wako anakaa nje dakika tano. Benchi lingekuwa kimya kama msikiti saa tisa usiku.

Vegas walipangiwa kucheza Toronto Januari 2026. Shemeji ameshaanza kutafuta tiketi, na ameniambia bei yake kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. Anasema atamzomea Marner kila akikigusa kisahani. Nimemwambia tiketi ni yake, azomee. Ila nimemwomba kitu kimoja, kama wataonyesha kwenye skrini kubwa zile pasi za miaka tisa, asimame na apige makofi hata mara tatu. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema atafikiria. Halafu akaniuliza kama huyo Nicolas Roy waliyeletewa anajua kufunga. Nikamwambia huku ni saa 8 usiku, tutaongea kesho.